Breki za Marehemu

Asali alipochungulia gereji ya mjane na kuiona ndege ya viti viwili, iliyoundwa pale pale nyumbani, mate yalimtoka. Mnunuzi alikuwa naye tayari: tajiri mwenye shamba kubwa na akili ndogo. Kilichobaki ni kumnyang'anya huyo mama kwa heshima zote.

Alijitambulisha kuwa fundi wa ndege, akampa pole ya mumewe aliyeiunda, akatoa na chozi. Kisha akaingia uvunguni kukagua. Kwenye gurudumu alilegeza skrubu ya breki, mafuta yakachuruzika, hewa ikaingia. Alipotoka alimwomba mama akanyage pedali. Ilizama kama mguu kwenye tope.

"Breki zimekufa, mama," alisema kwa sauti ya msibani. "Hiki ni chuma chakavu. Ila nimeguswa. Chukua gari langu, nikuondolee mzigo."

Gari lile lilikuwa ndiyo ofisi yake; bila mng'ao wake nani angemwamini? Lakini kwa fedha za tajiri angenunua mawili. Mama alimmiminia chai, akamtazama mkono wa shati, akauliza jambo moja tu: hewa ikiingia kwenye breki hutolewaje?

"Kama kwenye gari. Unajaza mafuta juu, unapampu pedali, hewa inatokea chini."

Mama akaitikia kwa kichwa, wakabadilishana funguo.

Kesho yake shambani kwa tajiri, Asali aliifikisha ndege kwa lori la kukodi, akakaza skrubu, akajaza mafuta na kupampu pedali hadi paja likamuuma. Akawasha injini kwa madaha, akamwelekea mteja wake, akakanyaga. Pedali ikazama. Akazima injini kwa hofu, ndege ikajiendea taratibu hadi kwenye michongoma. Tajiri aliruka kando, akaondoka bila kuaga.

Jioni Asali aliishusha ndege kutoka kwenye lori lile lile, akairudisha gerejini, ndipo akaomba gari lake.

"Ndege naipokea," mama alisema. "Gari ulinipa mwenyewe."

Asali akafikiria polisi, akakumbuka kwa nini huwa haendi huko.

Mama akalala uvunguni na bomba la sindano, akasukuma mafuta kutoka kwenye gurudumu kwenda juu, polepole, akamwambia akanyage. Pedali ilikuwa ngumu kama sakafu.

"Hewa inapenda kupanda, mwanangu. Marehemu alikuwa anakanyaga, mimi nasukuma huku chini." Akamwonyesha doa kwenye mkono wa shati. "Na mafuta yetu ni mekundu. Jana ulikuja shati hilo likiwa jeupe."

Asali akaondoka kwa miguu. Kwenye kona gari lake lilimfikia, mama akiwa kwenye usukani, likasimama vizuri kabisa, likampisha avuke.