Printa Inayotoa Moja Tu

Jumatatu, 6 Oktoba 1997, Nchelenge

Jua kali tangu saa moja. Nimebeba magunia arobaini na mawili ya chisense kutoka mitumbwini hadi ghalani. Chisense ni dagaa mdogo, lakini gunia lake si dogo. Nina miaka arobaini na mitatu, nimesoma mpaka darasa la nne, na mgongo wangu umenichoka.

Sasa habari yenyewe. Bwana Chisenga, mwenye kampuni, amenunua kompyuta na printa. Anataka kila gunia lishonewe karatasi yenye jina la kampuni, maana mwezi uliopita magunia yetu yalichanganyika na ya watu wengine huko Kitwe. Lori linaondoka Ijumaa. Febby, sekretari wake, ameandika themanini, akabonyeza. Ikatoka karatasi moja. Akaandika tena themanini. Moja.

Bwana Chisenga akatuita wabebaji mlangoni. Akasema anatafuta mesenja wa ofisi, mtu wa kukaa kitini na kumsaidia Febby. Atakayeifanya printa itoe themanini kwa mpigo kabla ya lori kuondoka, kiti ni chake.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikasema nimefanya kazi na mashini hizi huko Likasi. Kweli nilifanya. Nilibeba moja, ikiwa bado ndani ya boksi, ngazi za ghorofa mbili.

Kiti kile ninakihitaji kuliko wote. Mwezi wa saba nilimwandikia mke wangu Ngalula kwamba nimepata kazi ya ofisini. Nilitaka tu kumtuliza roho. Leo mfanyabiashara mmoja wa Kilwa, kwetu Kongo ng'ambo ya ziwa, ameniletea jibu. Ngalula amefurahi mno, na kaka yake Didier atavuka ziwa Jumamosi kuja kuniona. Ameandika wazi: kuniona nikiwa nimekaa ofisini. Didier hajanipenda tangu siku ya mahari.

Siku tano.

Michée naye amenyoosha mkono. Ni mbebaji kama mimi, mtu wa Pweto, amefika sekondari na hapitishi saa moja bila kukukumbusha.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata akili tangu alfajiri. Kaboni. Karani wa misheni kwetu alikuwa anapanga karatasi na kaboni kwenye taipureta, anapiga mara moja, anapata nakala nne. Kwa nini printa ishindwe?

Febby alikuwa na kaboni kumi. Nikapanga karatasi saba na kaboni sita katikati, safi kama godoro, nikaziingiza zote. Printa ikavuta. Ikanguruma. Ikanyamaza. Ikaanza kunuka.

Tumevuta vipande mpaka saa tisa. Vidole vya Febby vimekuwa vya buluu, na shingo yake pia, sijui ilifikaje huko. Aliniuliza polepole, kwa adabu ya Kibemba, "Ba André, mukwai, kule Likasi munafanyaka hivi?" Nikamjibu kwamba kule mashini zilikuwa na nguvu zaidi.

Michée alisimama mlangoni na gunia kichwani. Akauliza kama alete kamba na watu wanne wa kuvuta. Mtu wa ofisi hajibizani na wabebaji.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemleta Kabwe. Kila injini ya boti kutoka hapa mpaka Mununga imepita mikononi mwake. Ameomba samaki wawili wakubwa. Nimempa chakula changu cha jioni.

Kabwe hakugusa kitu kwanza. Aliweka sikio juu ya printa kama daktari. Akamwambia Febby aandike themanini. Ikatoka moja. Akasema tena. Moja. Akanyanyuka, akafuta mikono ingawa ilikuwa bado safi, akasema: "Inashika, inapiga moja, inazima. Mafuta haifiki."

Maneno hayo yalinipendeza sana. Ni kweli kabisa, inashika na kuzima.

Akafungua mlango wa mbele wa printa, akatoa kibweta cha wino mweusi wa unga, akatafuta tundu. Akapuliza, namna anavyopuliza kabureta. Wakati huohuo Bwana Chisenga akaingia. Alikuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya mkutano wa wazee wa kanisa.

Kabwe akasema uchafu wote ule wa shatini ulikuwa ndani ya mashini, kwa hiyo alisema kweli. Kisha akachukua samaki wake akaondoka haraka.

Michée alikimbia kutafuta taulo. Alimpa Bwana Chisenga kwa mikono miwili, amepiga goti. Hivyo ndivyo anavyotafuta kiti, kwa taulo. Mimi angalau natafuta kwa ufundi.

Printa bado inatoa moja. Sasa ile moja imepauka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wakati mwingine jambo ni rahisi na mtu analizunguka siku tatu. Ukiiomba mara moja inatoa moja. Basi iombe mara themanini. Bwana Chisenga alisema kwa mpigo, ndiyo, lakini atakuwa hayupo. Mpigo wenyewe ataujulia wapi?

Febby alipokwenda kula saa saba nilimwomba nibaki kuisikiliza mashini. Akaniacha akiwa amebeba kaboni zake zilizobaki. Nikafunga mlango, nikaweka kidole. Bonyeza, ngoja, karatasi. Bonyeza, ngoja, karatasi. Kufika hamsini kidole kilikuwa kinauma kuliko mgongo. Kufika themanini nilisikia hatua nje.

Bwana Chisenga akazikuta zimepangwa mezani, na mimi nimesimama pembeni kama mtu ambaye hajafanya lolote gumu. Alizihesabu mbili mbili. Akaniuliza tatizo lilikuwa nini. Nikasema lilikuwa ndani sana.

Akanipa kiti.

Kina mto mwekundu na magurudumu manne. Nimekaa kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja bila kushuka. Nimekwenda nacho mpaka dirishani na kurudi. Nimemwona Michée akipita na gunia, jasho linamtoka, nikamwomba afunge mlango kwa sababu ya vumbi. Ameufunga mpaka kalenda ikaanguka.

Didier na aje.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mitumbwi ya Chienge ilifika asubuhi na magunia mengine arobaini. Bwana Chisenga akataka karatasi arobaini zaidi papo hapo, dereva wa lori amesimama, injini inawaka. Febby akaandika arobaini, akabonyeza. Moja.

Wote wakanigeukia. Nilikuwa kitini. Nikasema mashini hii ina aibu mbele ya watu wengi, watoke kidogo.

Wakatoka. Hata dereva. Nikaanza. Bonyeza, ngoja, karatasi. Nilipofika kumi na tisa niliinua macho, nikaona paji la uso la Febby limebanwa kwenye kioo cha dirisha. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Hakukasirika, na hilo ndilo limeniumiza. Aliingia, akanisukuma pamoja na kiti mpaka ukutani, akaanza kutafuta ndani ya kompyuta kwa utaratibu. Nyuma ya pale anapoandikaga arobaini akakuta mahali pengine, pa printa yenyewe, pameandikwa moja. Akatueleza kwamba idadi inaulizwa mara mbili, na printa inamtii anayesema mwisho. Akaandika arobaini na pale pia. Akabonyeza mara moja tu.

Zikatoka arobaini. Nilizisikiliza zote.

Bwana Chisenga aliangalia kidole changu, akaangalia zile karatasi themanini za jana. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akasema kama Febby anaimaliza kazi yote kwa kubonyeza mara moja, kampuni haihitaji mesenja. Si mimi, si Michée, si mtu yeyote. Kwenye kiti sasa Febby anaweka mkoba wake.

Michée ndiye aliyeniletea gunia la kwanza. Aliniwekea kichwani taratibu, kwa mapenzi. "Patron," akasema, namna tunavyomwita bosi, "ofisi yako njo hii."

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimwomba Febby kiti kwa saa moja tu. Akaniuliza mkoba ukae wapi.

Nikaomba boti ichelewe. Iliwahi. Didier alishuka saa nne na kofia na koti, na mimi nilikuwa katikati ya maji, gunia kichwani, suruali imekunjwa mpaka magotini.

Nikalitua gunia mchangani. Nikamweleza kwamba katika kampuni yetu sisi watu wa ofisi tunabeba kila Jumamosi, ili wafanyakazi wa chini wasione tunajivuna. Didier akaliangalia gunia. Hapo Michée akapita, akaniangalia, akamwangalia Didier na koti lake, akaelewa yote. Nilifumba macho. Akapaza sauti: "Patron, gunia zako ingine ziko zinakungojea."

Alikusudia kunizika. Lakini Didier alisikia neno la kwanza tu. Akavua kofia.

"Shemeki," akasema, "nilikuwa nawaza unadanganyaka." Akanishika mkono kwa mikono miwili. Miaka kumi na minane, mara ya kwanza.

Kisha akanipa habari. Mke wa mtu wa ofisi hawezi kuendelea kulala kwa mama yake. Ngalula anauza vyungu na vitanda. Atavuka na watoto wote wanne tarehe nane Novemba. Anauliza nyumba ya kampuni ina vyumba vitatu au vinne, ajue mapazia.

Ninalala nyuma ya ghala, juu ya nyavu, na Michée ana upande wa pili wa nyavu hizohizo. Nilimwangalia Didier, bado ameshika mkono wangu. Pale pale ningeweza kusema.

Nikasema vinne.

Jumapili, 12 Oktoba

Didier amerudi na boti ya asubuhi, anaimba. Nimempa barua ya kumpelekea Ngalula. Nimeeleza vyumba vyote, madirisha, na upande jua linapochwea.

Kabla ya kuifunga niliisoma tena. Nyumba nzuri. Lakini Oktoba ya hapa ina joto sana, watoto watateseka mchana.

Nikaongeza veranda.