Kocha Jovesa Atafuta Mteja

Jumatatu, 5 Agosti

Masizi ya kiwanda cha sukari yameangukia shati langu jeupe. Shati langu tu! Mashuka ya jirani yameanikwa palepale, hayana hata doa. Sisemi kitu. Ninaangalia tu.

Chuoni, mwalimu wetu Bi. Naidu ametukumbusha kazi aliyotupa tangu mwanzo wa muhula. Kila anayesomea saikolojia na huduma za jamii awe na mteja, mtu mzima aliyekubali mwenyewe kusikilizwa naye. Jumatano ya wiki ijayo mteja aje darasani, aeleze amesaidiwaje. Asiye na mteja asitegemee cheti. Aliposema "asiye na mteja" alinitazama mimi. Wengine wote wanao!

Miaka mingi nimeongoza michezo ya wageni kwenye hoteli ya ufukweni kule Denarau, mpaka meneja mpya akasema nafasi yangu haihitajiki. Macho yake niliyaona. Aliniogopa. Nikaamua kuwa kocha wa ustawi, mtu wa kuwanyoosha watu maisha yao. Ada analipa mke wangu Vasemaca, mama wa mwanetu Sera, kwa cherehani yake. Kwa hiyo cheti lazima nikipate. Siwezi kurudi nyumbani mikono mitupu nikamkuta anapinda sketi za shule za watoto wa watu.

Kikwazo kina jina: Sunila Kumari. Alikuwa karani wa benki. Anakaa mbele. Ana mteja, na mwingine wa akiba! Nikamuuliza anawapata wapi. Akatabasamu, akasema yeye huwasikiliza tu, basi. Tabasamu lilikuwa la upande mmoja. Tumefundishwa kwamba anayetabasamu upande mmoja anaficha jambo. Au ni anayetabasamu pande zote mbili? Nitaangalia.

Jumanne, 6 Agosti

Nimejaribu kufanya mazoezi nyumbani. Vasemaca alikuwa anamenya mihogo, akasema amechoka. Nikavuta kiti, nikainamisha kichwa kidogo kama kwenye somo la tatu, nikamuuliza uchovu huo umekaa wapi mwilini.

Akaweka kisu chini, akatoka kwenda kuanua nguo.

Nguo zilikuwa hazijakauka. Kwa nini mtu aanue nguo mbichi?

Jumatano, 7 Agosti

Nimebandika tangazo mlangoni mwa soko la mji wetu wa Lautoka. Maandishi makubwa, mekundu: KOCHA JOVESA. UMEKWAMA? UMEUMIA? NJOO TUJENGE NGUVU YAKO. Chini nikaweka mahali ninapokaa, mtaa wa Waiyavi, nyumba ya bati la kijani.

Sunila alipita na kapu la bilinganya. Alilisoma mpaka mwisho. Hakucheka. Anayeshindwa kucheka ni mwenye wivu.

Alhamisi, 8 Agosti

Wateja! Nimeamka nimekuta wanaume tele kwenye lango langu, shingo kama vigogo. Nikaita Vasemaca aje aone. Halafu nikaona mpira.

Timu ya raga ya mtaa. Hawana kocha tangu wa kwanza ahamie Suva. Nahodha wao, Tevita, akanishika mkono mpaka vidole vikalia, akauliza tuanze na mbio au na kukabana.

Nikasema tutaanza na hisia.

Tevita akauliza hisia ni mazoezi ya washambuliaji au ya walinzi.

Sikukata tamaa. Nikawakalisha kwenye nyasi. Nikataka kila mmoja aseme kitu anachokiogopa. Wa kwanza akasema anaiogopa timu ya Nadi. Wa pili, timu ya Nadi. Wote, timu ya Nadi! Mazungumzo yakaishia hapo. Wakaomba sasa niwaonyeshe namna ya kumzuia mtu anayekuja mbio. Nilisimama mbele ya Tevita. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Nimeletwa ndani nimebebwa, goti limevimba.

Vasemaca alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Kisha akanifunga goti kwa kitambaa cha sketi za shule, polepole, bila kuniumiza. Kisha akaoga. Akavaa gauni la maua. Akachomeka ua nyuma ya sikio. Akasema anakwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Kwaya hufanya mazoezi Jumanne!

Jumamosi, 10 Agosti

Mpango mpya. Apenisa, mtoto wa mjomba wangu, ni dereva wa teksi. Kwa kawaida yetu mimi na yeye ni watani, anaweza kunitukana mbele ya mchungaji na mchungaji akacheka. Nimemkuta barazani kwake akikoroga yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, bakuli limejaa. Nikamwomba awe mteja wangu. Kwa siku moja tu. Kwa maneno tu.

"Binamu," akasema, "kichwa chako kinavuja tangu utotoni. Leo unataka kuziba changu?"

Waliokuwa wamezunguka bakuli wakapiga makofi. Nikavumilia. Nikamwahidi fungu zima la mizizi ya yaqona, ile bora ya kisiwani Kadavu. Akawa mpole mara moja.

Nikamfundisha maneno: moyo wangu ulikuwa na giza, Jovesa akafungua dirisha. Akauliza kama anaruhusiwa kulia. Nikasema kidogo. Akajaribu. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Kabla ya kuondoka nikamuuliza, kama mtu anayepitisha maneno tu, kama amewahi kumpeleka Vasemaca mahali jioni. Mkono wake ukasimama kwenye bakuli.

"Dereva wa teksi haoni kitu, binamu."

Asiyeona kitu ameona kitu!

Jumatatu, 12 Agosti

Vasemaca ametoka tena, gauni lilelile. Safari hii amesema anakwenda kununua uzi. Na ua la nyuma ya sikio ni la nani, la muuza uzi?

Nimemfuata nikichechemea. Nilifungua mwavuli kuficha uso. Mvua hakuna. Kila niliyepishana naye alinisalimia kwa jina: "Bula, Jovesa! Goti vipi?" Mji huu hauna siri hata moja ila ya kwangu.

Akakata kona. Akaingia kwenye nyumba yenye ua wa miti ya maua mekundu. Mlango ukafunguliwa na nani? Na Sunila Kumari! Wakakumbatiana kama ndugu.

Nikaelewa yote. Amekosa wateja sokoni, amekuja kuniibia jikoni kwangu!

Nikapiga magoti chini ya dirisha la vioo vya kupangwa. Goti bovu likapiga kelele, mimi nikanyamaza. Nikasikia sauti ya Vasemaca.

"Zamani nikimwambia nimechoka, ananinyang'anya kisu anamenya mihogo mwenyewe. Hasemi kitu. Anamenya vibaya, lakini anamenya. Siku hizi ananiuliza uchovu umekaa wapi."

Sunila hakusema kitu.

"Mama alipofariki nilijua mume wangu yupo. Sasa anaongea na mimi kutwa nzima, lakini ni kama anaongea na ugonjwa, mimi mwenyewe siko pale. Nashona ili amalize masomo. Halafu naogopa akimaliza nitakuwa nimemnunulia kazi ya kuniacha peke yangu."

Sunila hakusema kitu tena. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Kocha gani huyu, hata swali moja hana! Mimi hapo ningekuwa nimeshauliza maswali manne.

Nikafuta macho. Ni masizi ya kiwanda.

Nikageuka niondoke, nikakutana na miguu. Mama mkwe wa Sunila, ameshika ndoo ya kumwagilia. Akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia mimi ni mkaguzi wa maua kutoka manispaa. Akaniuliza ukaguzi wa manispaa siku hizi unafanywa kwa magoti. Nikasema ni utaratibu mpya.

"Haya mwanangu," akasema. "Ukimaliza kukagua, ng'oa na magugu."

Nikang'oa. Mstari mzima.

Jumatano, 14 Agosti

Siku ya hukumu. Nimevaa sulu, sketi yetu ya kiume, ya kijivu iliyopigwa pasi na tai ya hotelini.

Sunila akaitwa wa kwanza. Mteja wake akaingia. Nilijua atakuwa nani. Vasemaca alisimama mbele ya darasa, mikono ameikunja tumboni. Hakutaja jina langu. Alisema kuna mtu nyumbani anampenda na kwa miezi amekuwa akimkosa akiwa amekaa naye meza moja. Akasema kwa Sunila amepata mahali pa kuliweka hilo chini. Bi. Naidu alivua miwani, akaifuta. Mtu nyuma yangu alivuta kamasi.

Nilitazama viatu vyangu.

Kisha nikaitwa mimi. Apenisa akaingia. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye bakuli la yaqona, macho mazito, ulimi mzito zaidi. Akamwona Vasemaca, akamsalimia kwa furaha: "Shemeji! Na wewe umeahidiwa?" Kabla sijamgusa akaanza kulia. Alikuwa hajaulizwa hata jina!

Bi. Naidu akamsubiri amalize. Akamuuliza ni nini kimebadilika katika maisha yake tangu akutane na kocha Jovesa.

Apenisa akafikiri. Giza na dirisha, vyote vikawa vimempotea.

"Nimeahidiwa fungu la yaqona," akasema. Akageuka kwangu. "Bado sijapewa."

Darasa lililipuka. Sunila peke yake hakucheka, na hilo lilinichoma kuliko vicheko vya wengine.

Bi. Naidu alinibakiza baada ya wote kutoka. Akasema angeweza kunifukuza leo. Ananipa mpaka mwisho wa mwezi nipate mteja wa kweli. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilimsikia mtu akimaliza sentensi yake. Nikaanza kujibu. Akainua kidole, akaondoka.

Vasemaca alikuwa ananingoja getini. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani.

"Baba Sera," akasema mwishowe, "kumbe siku hizi wewe ni mkaguzi wa maua."

Nikainama, nikang'oa gugu moja kando ya njia.

Alhamisi, 15 Agosti

Jioni Vasemaca alikaa kwenye ngazi za nyuma na beseni la mihogo. Nikakaa karibu naye. Nikafungua mdomo.

"Leo usiniulize kitu," akasema. "Hata kimoja, Baba Sera."

Mikono haikujua ifanye nini. Nikachukua kisu. Nikamenya. Nilitoa nyama nyingi pamoja na ganda, nikaona akiona. Swali lilinijia kooni, nikalimeza. Likaja la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikalimeza nalo.

Ndipo akaanza kusema, akitazama miwa upande wa pili wa barabara. Alisema tangu wamzike mama yake kule kisiwani Koro hawezi kuikumbuka sauti yake. Uso anaukumbuka, na mikono, na namna alivyokuwa anafunga kilemba akienda shambani. Sauti imekwenda. Hukaa kwenye cherehani hata asipokuwa na kazi, akizungusha gurudumu tu, kwa sababu mama yake alikuwa anaimba akishona, na pengine sauti itarudi kwa mlango huo. Hajamwambia mtu. Hata Sunila.

Mimi nilidhani anashona sana kwa ajili ya ada!

Sikujua la kusema, kwa hiyo sikusema. Akaegemeza kichwa chake begani kwangu. Akalia bila kelele. Nilisahau kumtazama mdomo unaelekea upande gani.

Mihogo iliungua. Tukaila hivyohivyo na samaki wa kopo. Akasema kama bado ninatafuta mteja, yeye atakuja kwa Bi. Naidu mwisho wa mwezi, aeleze jioni hii. Jioni hii tu, si nyingine.

Kuna jambo limetokea leo ambalo halimo kwenye somo lolote.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeelewa! Kimya ni mbinu! Bi. Naidu anaijua, Sunila anaijua, na wote wamekula njama ya kunificha. Ukikaa kimya, mtu anatapika kila kitu mwenyewe.

Nimeijaribu asubuhi kwa jirani, Mzee Filimoni. Nikaenda nikakaa barazani kwake, nikamkodolea macho bila neno. Alinikaribisha chai. Kimya. Akanizungumzia bei ya dalo, majimbi yetu. Kimya. Akaanza kutoka jasho. Mwishowe akakiri ni yeye aliyechuma mapapai yetu wakati wa Pasaka, akaomba nisimwambie mchungaji. Mapapai! Wala sikujua kama yalichumwa! Kesho nitajaribu kwa Apenisa, kesho kutwa kwa meneja wa hoteli. Nitaiita Mbinu ya Nakauta, kwa jina la ukoo wangu.

Lakini nimerudi nyumbani nimekuta jambo la ajabu. Vasemaca anaimba. Anafua mashuka, anaimba, tena kwa sauti. Nikamuuliza anaimba kwa nini. Akasema hakuna sababu, ni asubuhi tu.

Hakuna sababu! Juzi alikuwa analia, leo anaimba. Mtu habadiliki hivyo bila mkono wa mtu mwingine. Nikatoka taratibu, nikazunguka nyuma, nikajibana kati ya tangi la maji na ukuta. Hapa naona kamba ya nguo yote, mlango wa jikoni, na nusu ya barabara. Atakayekuja nitamwona. Yeye haoni hata kidole changu. Nimehakikisha.

Amenyamaza. Sasa anasema kitu.

Anasema, "Baba Sera, toka huko nyuma ya tangi, chakula kinapoa."

Amejuaje? Kuna mtu anampelekea habari.