Joto Lapokewa Rasmi Ofisini

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Nachingwea, nakala Ruangwa kwa taarifa tu, kwamba joto lililokuwa likitoroka kwenye tanuri la kiwanda chetu cha korosho limekamatwa.

Tangazo hilo nililiandika mimi, karani mstaafu wa masjala, niliyerudishwa kazini kuwa katibu wa Kamati ya Urejeshaji Joto. Ninayoeleza yote yamo kwenye muhtasari.

Kamati ilianza kwa kumbaini mhalifu. Nasma, mama mmoja wa kijiji cha Ruponda, kwa miaka tisa alikuwa akianika makopa ya muhogo chini ya upenu, kwenye ukuta wa nyuma ya tanuri. Masika yote hapo ndipo palipokuwa pakavu, na makopa hayo ndiyo aliyopeleka sokoni Ruangwa.

"Unatumia joto la kiwanda bila kibali," Mwenyekiti Eusebio akamwambia.

"Bosi, mimi nimelikuta nje linazurura."

"Lilikuwa linasubiri utaratibu."

Nikampa Fomu JT/4: maombi kwa maandishi, mihuri miwili, siku ishirini na moja, mwombaji asubiri nje ya uzio. Mvua ikanyesha. Makopa yakaanza kuota ukungu.

Fundi Harithi akaja na mabomba ya shaba, yamezibwa huku na huku, ndani yana maji kidogo. Chini, kwenye tanuri, maji yanachemka; mvuke unapanda na joto; juu unaliacha, unageuka maji, unateremka kuchukua jingine.

"Hayana pampu wala swichi," akasema.

Tukapiga makofi. Swichi ingehitaji zabuni.

"Basi nayaelekeza chumba cha kukaushia korosho."

"Fundi," Mwenyekiti akamkatiza, "kwenu mgeni anafikia sebuleni au jikoni?"

"Mzee, hili ni joto."

"Miaka yote halijapokewa rasmi. Litafikia ofisini kwangu."

Ofisi iko ghorofani, juu ya tanuri. Harithi akafunga mabomba, kisha akasaini kitabu cha wageni kwa niaba ya joto.

Siku ya mapokezi Mwenyekiti alivaa suti ya sufu. Joto lilifika saa nne kamili, jambo lililoishangaza Kamati, maana hatukuzoea kitu kufika kwa wakati. Saa tano gundi ya bahasha ikaachia. Saa sita muhuri wa mpira ukajikunja kama ulimi wa mbuzi.

"Zima, fundi."

"Swichi haipo, mzee. Mlishangilia."

"Basi zima tanuri."

"Na korosho zilizomo? Labda msimu uishe."

Mwenyekiti akahamishia meza nyuma ya tanuri. Ukuta ulikuwa umepoa, maana joto lake lote lilikuwa ghorofani, na upenu ulivuja. Hapo ndipo aliposaini fomu ya Nasma, iliyotimiza siku zake: *Mwombaji anaruhusiwa kuanika makopa popote joto la kiwanda linapotokea.*

Nasma akaisoma mara mbili, akapandisha nyungo zake ghorofani. Siku ya pili makopa yalikuwa yanalia kacha kacha.

Jumatatu Mwenyekiti akabisha hodi, anataka mafaili yake.

"Bosi, una kibali?" Nasma akauliza, akigeuza makopa juu ya meza ya mikutano.

Nikampa Fomu JT/4. Leo ni siku ya kumi na mbili, anasubiri nje ya uzio kama fomu inavyotaka. Mvua haijakatika, na suti yake imeanza kuota ukungu.