Kiuno cha Thelathini na Sita

Jumatatu, 3 Juni

Kliniki asubuhi. Kilo themanini na mbili. Zimebaki mbili tu! Kiuno inchi thelathini na sita na nusu, kwa futi yangu mwenyewe. Suti nitakayovaa kwenye harusi ya binti yangu nimeikata kiuno thelathini na sita kamili, na kitambaa cha akiba kwenye mishono sikuacha hata chembe. Makusudi. Fundi anayejiachia nafasi ya kunenepa atanenepa. Harusi ni Jumamosi, na mimi ndiye nitakayemwingiza ukumbini.

Mshauri wa lishe ameniambia niongeze chakula. Niongeze! Ati mtu akikaribia lengo hupandisha kalori taratibu, mia moja kwa siku wiki hii, mia nyingine wiki ijayo, mwili uzoee kutulia hapo. Nikizidi kujibana nitaishiwa nguvu, kisha kilo zote zitarudi na wenzao. Miezi minne ameninyima, leo ananibembeleza nile! Nikalitazama gauni lake. Mshono wa Sindano, fundi wa mlango wa pili, anayemwambia kila mteja wangu kwamba suti ile sitaivaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye kasema niongeze mia, mimi nitapunguza mia tatu.

Jumanne, 4 Juni

Mama watoto alikuwepo kliniki jana, ushauri wote kausikia. Amenichemshia yai la nyongeza, akasimama kunitazama. Alipogeuka kuzima jiko, nikalitia mfukoni. Kazini nikalihamishia kwenye koti la mwalimu mkuu lililokuwa linangoja kuchukuliwa, nimtupie paka baadaye. Mwalimu mkuu akawahi kabla ya paka. Alasiri amerudi na koti lake, anauliza kama yai lile ni zawadi au ni dharau. Nimemwambia ni ofa ya wateja wa zamani. Hakucheka.

Jumatano, 5 Juni

Thelathini na sita! Kamili! Nimepiga pasi huku naimba. Sindano akaja kuchungulia, akasema futi yangu imevutika kwa uzee, namba zimeachana. Nikamwita mwongo. Akailaza futi yake mpya kando ya yangu. Lo! Thelathini na sita yangu ni thelathini na saba na nusu kwake. Miezi minne nadanganywa na kipande cha utepe! Nimenunua futi mpya. Kuanzia sasa ni tango na maji.

Alhamisi, 6 Juni

Tango. Maji. Binti yangu ameniuliza, Baba, si suti nayo uliikata kwa futi ile ile ya zamani? Nimemwambia ashughulikie mambo ya harusi, ushonaji aniachie mimi. Watoto wa siku hizi wote mafundi.

Ijumaa, 7 Juni

Nusu tango. Nimeshona pindo la gauni la mteja pamoja na mkono wa shati langu. Nilipoinua mkono kumuaga, gauni likaaga nalo. Kisha kizunguzungu, nikajikuta nimekaa sakafuni. Mama watoto kasema sikio la kufa halisikii dawa. Binti amelia. Kasema suti haimhusu, hata nikija na nguo za kulalia, anachotaka ni baba yake amwingize akiwa amesimama kwa miguu yake. Roho imeniuma sana. Nimekula kipande cha mkate kwa ajili yake. Kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Suti imeingia! Imeingia mno. Hatua ya tatu ukumbini, suruali ikaanza safari zake yenyewe. Mkanda ningeuvaa wapi? Vitanzi sikushona, nilisema ni vya watu wasiojua vipimo vyao. Watu wote wamesimama wanatutazama. Binti akapitisha mkono nyuma yangu, chini ya shela, akaikamata suruali kiunoni kwa ngumi, akaninong'oneza, Baba, twende. Akanitembeza hivyo hadi mbele, mimi na suruali yangu, huku anawachekea wapiga picha. Watu wanasema nimemwingiza vizuri sana. Nililia, na si kwa njaa peke yake.

Jumapili, 9 Juni

Futi mpya: thelathini na sita kamili! Safari hii kweli tupu. Jumamosi ijayo tumealikwa kwa wakwe, na nitakwenda na suti. Aibu ya jana ilitokana na suruali kuwa kubwa, hilo liko wazi. Kwa hiyo asubuhi nimeipunguza ikabana vizuri, kitambaa kilichozidi nimekikata na kukitupa. Akiba ni woga.

Mama watoto kaja kuniuliza kama leo nitakula, maana yamebaki masufuria matatu ya chakula cha harusi. Nimekubali. Mshauri alisema kweli, mtu akifika lazima aongeze. Ila hizi kalori mia mia za kila siku ni kumsumbua mke wa mtu bure. Nimemwambia anipakulie za mwezi mzima.