Nyumba ya Maisaka na Msimamizi Wake

Jumapili, 2 Machi

Tumemaliza arobaini ya Baba. Mzee Aniceti hakuacha wosia. Ameacha nyumba ya Maisaka, ng'ombe watano na watoto watatu: mimi Vitus, mkubwa, Dominick, mwalimu, na Anjela, fundi cherehani. Nyumba ina fremu ya duka inayotazama barabara. Anjela anashonea humo na analala chumba cha nyuma. Alimuuguza Baba miaka mitatu. Mimi nilikuwa napiga simu.

Fremu ile naitaka. Duka la vifaa vya ujenzi. Mifuko ya saruji mlangoni, mimi kwenye kiti. Saruji sina bado. Kiti ninacho.

Jumatatu, 3 Machi

Nimetafuta ushauri wa kisheria. Wakili anataka malipo, kwa hiyo nimekwenda kwa Amos, mwenye steshenari mkabala na mahakama. Anachapa viapo kutwa nzima. Sheria imemwingia kwa vidole. Nikamuuliza nani mwenye nguvu kwenye mirathi. Akasema msimamizi, mkuu. Bila saini yake hakuna kinachohama. Akaongeza kwamba msimamizi hupendekezwa na kikao cha ukoo, muhtasari unapelekwa mahakamani, halafu... Sikusubiri halafu. Msimamizi ndiye mwenye mali! Miaka arobaini na minane naishi nchi hii na hakuna aliyenieleza.

Alhamisi, 6 Machi

Mpinzani wangu ni Dominick. Ana elimu, na wazee wanampenda. Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaamkia hata watu niliowazidi umri. Shangazi Aikande, dada yake Baba, aliitikia marahaba, akaniuliza ninaumwa nini.

Jumamosi, 8 Machi

Kikao! Wali na nyama kwa gharama yangu. Nikahutubia nikiwa nimesimama. Nilisema nikichaguliwa, nyumba na fremu yake ni za Anjela, maana ndiye aliyemfulia Baba mashuka. Ng'ombe ni wa Dominick. Kuhusu mimi, nikashika kifua na kusema sihitaji chochote, nahitaji umoja wa familia tu. Shangazi Aikande alitoa machozi. Mimi mwenyewe nilikaribia. Maneno tu, lakini mazuri.

Nilitegemea Dominick apinge. Yeye ndiye aliyenipendekeza! Nimepita bila kupingwa. Nilishangaa kidogo jinsi wote walivyonyoosha mikono haraka, Dominick mikono miwili. Ndiye aliyekuwa katibu, akaandika kila kitu. Nikasaini kila ukurasa bila kusoma. Saini yangu ni nzuri.

Jumanne, 11 Machi

Maombi yamepokelewa. Tangazo limebandikwa, asiyekubali aje aseme. Jioni nilikwenda Maisaka na futi ya kamba kupima fremu. Nikamwambia Anjela ni mambo ya orodha ya mali. Alizima cherehani, akanishikia ncha ya pili. Akasema pole na kazi, kaka. Mita tatu na nusu kwa nne. Saruji itakaa vizuri mahali pa cherehani.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna aliyepinga. Nimeapa, nimeteuliwa. Nilivaa koti la Baba.

Naandika yaliyofuata kama yalivyotokea. Hakimu, mama mpole mwenye miwani, akauliza kama nina swali. Nilikuwa nalo. Nikauliza nyumba itaingia lini kwenye jina langu.

Chumba kizima kikacheka, askari wa mlangoni akiongoza. Hakimu akavua miwani. Akaeleza kwamba msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, huorodhesha, hugawa kwa warithi na kuleta hesabu ndani ya miezi minne. Akificha kitu, anashtakiwa. Nikasema angalau mimi pia ni mrithi. Akasema ni kweli, una haki yako. Akafungua muhtasari, akasoma kwa sauti: "Ndugu Vitus alisema hahitaji chochote." Akauliza kama saini ni yangu.

Ningeweza kukana. Lakini alikuwa ameishika juu, na watu wote waliiona. Nikasema ndiyo. Akasema mahakama haimlazimishi mtu kuacha urithi, kwa hiyo naweza kubadili mawazo sasa hivi. Nikageuka. Anjela alikuwa amefumba macho na mikono yake imekamatana magotini. Shangazi Aikande alikuwa ananitazama kama picha ya mtakatifu ukutani.

Nikasema sibadili. Si wema. Niliona aibu, na aibu yangu huwa inajibu kabla yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kumgombeza Amos. Akasema, "Mkuu, nilikwambia anasaini. Nilikwambia anamiliki?" Wateja wawili wakageuka. Nikanunua bahasha ili nionekane nilikuja kwa shughuli.

Dominick amepiga simu. Amekiri kwamba aliwahi kuwa msimamizi upande wa mkewe, akazunguka ofisi mwaka mzima. Akasema hongera sana, bro.

Alhamisi, 8 Mei

Safari ya tano idara ya ardhi. Mara picha haitoshi, mara mhusika yuko kikaoni. Leo nimesaini uhamisho: nyumba ya Maisaka sasa iko njiani kwenda kwenye jina la Anjela. Sijawahi kufanya kazi ngumu namna hii ili nisipate kitu.

Nikampelekea nakala. Alisoma jina lake mara mbili, akakalia kiti cha wateja. Akasema tangu msiba nguo zake alikuwa amezifunga kwenye mabegi, akijua ataambiwa ahame. Akanishonea suruali papo hapo, bure. Imebana kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Sifa zangu zimefika mbali! Shangazi Aikande amekuja asubuhi na hati ya kiwanja chake cha Sigino ndani ya mfuko wa rambo. Hana mtoto. Anasema katika ukoo mzima ameona mtu mmoja tu asiye na tamaa, na anataka nimtunzie. Nikapokea kabla hajamaliza kusema.

Hati iko chini ya godoro langu. Kiwanja, kwa maana ya kisheria, kiko chini ya godoro langu. Shangazi alitaja pia wosia wake, na kwamba upo kwa wakili, na Anjela ana nakala. Sikuona umuhimu wa hayo. Jumatatu naenda Sigino kupima. Pale saruji itakaa hata mifuko mia mbili.