Imeandikwa Wapi?

Jumatatu, 3 Novemba

Balaa. Nkolika amepata mchumba.

Mchumba mwenyewe hana kasoro. Mrefu, ana kazi mjini Onitsha, anasalimia kwa kuinama. Kasoro ni baba yake. Baba yake ni Polycarp Anekwe, katekista wa Wakatoliki, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tangu utotoni, yeye akisoma shule ya mapadri na mimi shule ya Waanglikana, tumekuwa tukirushiana machungwa mabichi na maswali ya dini. Machungwa tuliacha.

Sasa hapa kwetu jambo linajulikana: mwanamke hufunga ndoa kwenye kanisa la mumewe. Yaani mwanangu wa pekee atafungishwa ndoa na padri! Na babu yangu alibeba kichwani mawe ya kujengea kanisa letu. Na mimi nimekuwa nikisoma Neno humo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Miaka yote nimejiona nikimpeleka Nkolika madhabahuni, polepole, watu wote wamegeuka kututazama. Katika kanisa LETU.

Nimeazimia. Cletus atavuka ukuta kabla ya Krismasi. Mke wangu Keziah akauliza kama nimemuuliza Nkolika anataka nini. Sijamuuliza. Huko ni kupoteza muda.

Jumatano, 5 Novemba

Mkakati wa kwanza. Nilimwalika Cletus kwa chakula. Mchuzi wa majani machungu, samaki mkavu, nyama ya mbuzi. Kila alipotia tonge mdomoni nikamuuliza swali. Toharani imeandikwa wapi? Rozari imeandikwa wapi? Na nani kasema Roma ndiyo ituamulie sisi huku Anambra?

Kila swali alijibu, ndiyo, Baba. Umesema kweli, Baba. Nikaona kazi imekwisha. Nikamwongezea nyama.

Alipoondoka Nkolika akaniambia nisijisumbue. Cletus humkubalia kila mtu aliyemwekea sahani mbele. Wiki iliyopita Wasabato walimpa viazi vikuu, akawakubalia na Jumamosi.

Hata hivyo kijana aliniachia neno zuri mlangoni. Alisema nikitaka kujua Wakatoliki wanafundisha nini, niende nikasikilize mwenyewe mafundisho ya dini kwa baba yake. Mlango uko wazi kwa yeyote.

Uko wazi! Adui kaniachia funguo. Nitakwenda, nitakusanya makosa yao yote, nitayamwaga hadharani.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimehudhuria kwa mara ya tatu. Nilivaa kofia na miwani ya jua. Polycarp akanisalimia kwa jina langu kamili na la baba yangu.

Mpango ulikuwa kukaa nyuma kimya kama mpelelezi. Lakini wale vijana hawajui kitu! Polycarp anauliza nani alipewa funguo za ufalme, watu wanaangalia viatu. Anauliza sakramenti ni nini, mmoja anajibu ni aina ya mkate. Mimi nimelelewa vizuri, siwezi kuvumilia darasa la namna hiyo. Mkono ukapanda wenyewe. Nikajibu la kwanza, nikajibu la pili. Mwishoni nilikuwa nasahihisha majibu ya wengine.

Polycarp akawaambia vijana waige mfano wa Mzee Obadiah. Wakanipigia makofi. Shuleni sikuwahi kumshinda mtu yeyote, leo nimekuwa wa kwanza katika darasa la Wakatoliki. Nilirudi nyumbani nimefurahi mpaka nikasahau kuandika makosa yao.

Jumapili, 23 Novemba

Siku mbaya kabisa.

Kumbe leo, kwenye misa ya asubuhi, Polycarp alisimama akasoma majina ya wanaoomba kupokelewa katika Kanisa Katoliki. La tatu lilikuwa langu. Inasemekana watu walipiga vigelegele.

Habari zilivuka barabara kabla kwetu hatujamaliza wimbo wa pili. Mimi nimesimama mbele nasoma Neno, nasikia mnong'ono unapanda benchi kwa benchi. Kasisi akahubiri juu ya watu wenye miguu miwili, kila mguu kwenye mtumbwi wake. Alinitazama kuanzia mwanzo wa mahubiri mpaka amina.

Nilikwenda kwa Polycarp nikiwa nawaka. Akaniambia kwa upole, huku akimenya chungwa: Obadiah, umekuja bila kualikwa, umejibu kuliko wote, umeomba na kitabu cha ziada. Sasa mimi ningedhani nini? Nilidhani Roho kakugusa.

Hajanigusa! Nilimwambia hivyo, kisha nikaona nimesema vibaya.

Aliyeumia zaidi ni Keziah. Umoja wa Akina Mama walimwomba ahamie benchi la nyuma mpaka jambo la mumewe lieleweke. Benchi la mbele amelikalia miaka mingi na kilemba chake cha bluu. Hakunigombeza. Aliniwekea chakula bila nyama, akasema, kula, Baba Nkolika, kisha akaenda kulala mchana. Keziah halali mchana.

Imeniuma. Lazima nisafishe jina. Kuna njia moja tu: mdahalo.

Ijumaa, 28 Novemba

Mdahalo umefanyika katika ukumbi wa ukoo. Nimeshinda. Naandika mapema kabla watu hawajapotosha.

Mwamuzi alikuwa Shangazi Ugoye, mkubwa wa mabinti wote wa ukoo wetu. Anafaa kwa sababu hana upande: asubuhi yuko kwenye misa, saa nne yuko kwetu, na wakati wa mavuno anapokea viazi vikuu kote kuwili.

Nilianza kwa nguvu. Nikauliza, Yesu si alimponya mama mkwe wa Petro? Huyo mama mkwe katoka wapi kama Petro hakuwa na mke, na kama alikuwa naye, mapadri wenu wanakatazwa na nani? Polycarp akakohoa. Ukumbi ukaguna. Ningeishia hapo ingekuwa vizuri zaidi.

Nikaendelea. Nikasema ni marufuku kumwita padri baba, imeandikwa tusimwite mtu yeyote baba duniani. Shangazi akauliza kwani Nkolika ananiita nani. Nikamwambia mwamuzi hatakiwi kuuliza maswali.

Kisha Polycarp akasimama. Akauliza kwa sauti ile yake ya darasani: Obadiah, unasema Biblia peke yake. Sawa. Ya kwenu ina vitabu sitini na sita, yetu sabini na tatu. Nani alikuambia vyenu ndivyo vilivyo sahihi? Imeandikwa wapi?

Swali jepesi! Nikainua Biblia yangu, nikafungua ukurasa wa mbele kabisa, nikauonyesha ukumbi mzima. Yaliyomo. Vimeorodheshwa vyote, na namba za kurasa.

Polycarp akauliza ukurasa huo kauandika nani. Nikafikiri kidogo. Nikasema ni mpiga chapa.

Akasema, basi ndugu zangu, tumempata Papa wa Obadiah. Ni mpiga chapa.

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Nadhani walikuwa wanamcheka Polycarp kwa kushindwa kujibu hoja. Angalau Akina Mama wameridhika kwamba sijahama. Keziah amerudishiwa benchi lake, na mimi nimerudishiwa nyama.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo wamekuja na pombe ya mchikichi, ukoo mzima wa Polycarp, na madumu vichwani. Hii ndiyo siku ya kumtoa binti kwa mila yetu. Kanisa linafuata baadaye. Nilikuwa na silaha moja iliyobaki, nayo ni kubwa: kola, kokwa ile chungu tunayowavunjia wageni.

Bila kola kuvunjwa hakuna kinachoanza, wala hakuna ndoa. Na kola ya nyumba hii naiombea na kuivunja mimi. Basi ilipoletwa kwenye kisahani nikaishika mkononi, nikaikumbatia kifuani, nikatangaza: siivunji mpaka Polycarp akubali ndoa ifungwe kanisani kwetu.

Hata mpiga ngoma aliacha kupiga. Nilimwona Nkolika dirishani, amevaa shanga zake, mkono mdomoni. Sikutazama tena upande huo.

Polycarp akainuka polepole. Akauliza, Obadiah, hiyo sheria kwamba baba asipovunja kola hakuna ndoa, imeandikwa wapi?

Damu ikanipanda. Nikamwambia, mambo mengine hayahitaji kuandikwa! Tumepokea kutoka kwa baba zetu, nao kutoka kwa baba zao, mdomo kwa mdomo, na wakubwa ndio wenye mamlaka ya kuyafafanua. Kila mtu akijitafsiria anavyotaka, si tutakuwa vurugu tupu?

Macho ya Polycarp yakajaa machozi. Akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, mkwe wangu, umefundisha somo langu lote la mwaka mzima, na mimi nikifundisha halieleweki hivi.

Ua mzima ukalipuka. Walicheka wao, wakacheka wetu, Kasisi wetu akajifuta macho kwa leso. Mpaka sasa sielewi nilichosema cha kuchekesha. Kilikuwa kweli tupu.

Shangazi Ugoye akagonga fimbo chini. Akasema vizuri sana, Obadiah katukumbusha mamlaka ya wakubwa. Mkubwa hapa ni nani? Ni yeye. Basi kwa mila ile ile, mke hufuata anakosali mumewe. Vunja kola hiyo, watu wana kiu.

Nikaivunja. Ilikuwa na vipande vinne, heri tupu, hata kola imekwenda upande wao.

Kisha Nkolika akatoka, akanipigia magoti, nikamjazia kikombe cha kumpelekea mchumba wake. Akazunguka na kikombe katikati ya wanaume, wanamwita huku na kule kumchanganya, yeye haangalii yeyote. Cletus walikuwa wamemficha nyuma ya wajomba wanene. Akamwona. Nikamwona alivyomwona. Keziah aliwahi kunitazama hivyo siku yetu, na mimi nilikuwa nimefichwa nyuma ya mzigo wa kuni.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimetangaza mezani kwamba sitaingia katika kanisa la Wakatoliki. Kola nilivunja kwa mila. Kuingia ni jambo la imani.

Nkolika hakubishana. Alimaliza kukunja nguo, akasema, sawa, Baba, mjomba Ephraim atanipeleka. Ameshakubali.

Ephraim! Mtu anayetembea kama anakimbiza kuku!

Nililala vibaya. Asubuhi nikapata suluhisho, nashangaa halikunijia mapema. Nitampeleka mpaka mlangoni, kwenye kizingiti chenyewe, na hapo namkabidhi kwa Ephraim. Uani hakuna mafundisho potofu. Nilikwenda kukikagua kizingiti. Polycarp alikuwa anafagia, akaniuliza natafuta nini. Nikasema nimeangusha kifungo. Akanisaidia kukitafuta.

Jumamosi, 27 Desemba

Tulitembea kutoka kwenye gari, mkono wake katika mkono wangu. Vumbi la jangwani lilitanda angani, jua kama sahani ya bati. Mikono yake ilikuwa baridi. Akaniambia, Baba, usiende haraka. Nikamwambia siendi haraka, ni wewe.

Tukafika kwenye kizingiti. Ephraim alikuwepo, suti tayari. Nikasimama. Nikalegeza mkono.

Hakuuachia. Hakunivuta wala hakuniomba kitu, alibana tu vidole vyangu kama alipokuwa mdogo tukivuka barabara ya soko, macho yake mbele. Na miguu yangu ikaenda.

Nilivuka. Naandika bila kuficha. Nilitembea naye polepole mpaka mbele, watu wote wamegeuka, na nililia njia nzima, wala sikujali ni kanisa la nani. Keziah alikuwa analia pia, na kilemba cha bluu kimemlalia sikioni.

Misa ilipoanza sikuwa na nia ya kujibu. Lakini Wakatoliki wanaitikia kwa uvivu ajabu! Na mimi majibu yote nilijifunza darasani. Sikuweza kuvumilia. Nikaitikia mimi, kwa sauti. Polycarp aligeuka kutoka benchi la mbele akanitazama, kisha naye akapandisha sauti. Nikapandisha zaidi. Padri akatuomba tumwachie nafasi.

Kupiga magoti nilipiga. Sababu ni nyonga, kusimama sana kunaniumiza.

Jumapili, 28 Desemba

Nimepumzika. Nimetafakari. Mwanangu ana furaha, Keziah anaimba jikoni, na Polycarp ametuletea paja la mbuzi lililobaki. Tulikaa ukutani, kila mmoja upande wake, tukala. Mtu mwenye busara hujua wakati wa kuacha ubishi.

Basi wakati nakula ndipo nikawaza kuhusu mjukuu.

Bado hayupo, lakini atakuja. Na nikimjua Polycarp, maji ya ubatizo ameshayachota. Safari hii sitakwenda darasani wala sitaitisha mdahalo. Kosa langu lilikuwa moja tu: kila aliponiuliza imeandikwa wapi, sikuwa nimejiandaa.

Nimeichukua Biblia ya babu. Kule mbele kuna ukurasa mtupu, ambako familia huandika waliozaliwa. Nimeandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, na tarehe ya leo: MJUKUU WA KWANZA WA OBADIAH ATABATIZWA KANISA LA ANGLIKANA, NA ATAITWA OBADIAH, HATA AKIWA MSICHANA.

Sasa aje aulize. Nitamfungulia mwenyewe. Imo ndani ya Biblia, kabla hata ya Mwanzo.