Mparachichi wa Mtihani

Jumatatu, 10 Novemba

Nimetukanwa leo Kibenga, mtaa wa matajiri, tena kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Maxime, tajiri ambaye miti yake naikata tangu nyumba yake haijapakwa rangi, aliniita kivulini, akanipa maji baridi, kisha akasema yeye na majirani zake wamekubaliana. Kuanzia mvua hizi, hakuna atakayepanda juu ya mti wa mtu kuukata bila cheti. Cheti cha fundi wa miti! Kinatolewa na kituo kimoja cha mafunzo huku kwetu Bwiza, na mtihani ni Jumanne ya wiki ijayo. Atakayekileta atapewa kutunza miti ya barabara yao yote, mwaka mzima.

Nikamuuliza kama upepo nao huwa unaonyesha cheti kabla ya kuvunja. Akacheka. Akasema maneno yote haya yameanzia kwenye lile tawi la mwaka jana lililoangukia ukuta wa jirani yake. Lile tawi halikuwa langu. Mimi nilikata la upande wa pili. Kama lile lililobaki lilishindwa kukaa peke yake, hayo ni mambo yake.

Mafuta hakuna mjini, mabasi yamelala, nimerudi kwa miguu na hasira zangu. Nyumbani mke wangu Lubna akanipokea na salamu za kaka yake Anouar. Anauliza tena kama niko tayari kubeba magunia ya mchele dukani kwake, mtaa wa Asiatique. Anouar! Mtu ambaye akiwaita wabebaji wake anapiga makofi kama anafukuza kuku. Nikikosa cheti, Kibenga imekwenda na ndiko nitakakoishia.

Sitakosa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimejiandikisha. Ninayemkuta kwenye foleni ni nani? Hyacinthe. Alikuwa mtunza bustani mpaka juzi, sasa naye eti ni fundi wa miti. Anavaa glavu. Anaongea na mti kabla ya kuugusa, anauzunguka, anautazama juu, anautazama chini, mteja amesimama anasubiri. Mimi wakati huo nimeshashuka.

Tumepewa karatasi za kusoma. Kifaransa kitupu na picha za miti isiyo na jani hata moja, miti ya Ulaya wakati wa baridi. Nimesoma ukurasa wa kwanza mara kadhaa, kwa sauti. Lubna akatoa kichwa jikoni: "Baba Khadidja, we unasoma ama unapigana na hiyo karatasi?"

Halafu wanataka tupande kwa kamba. Kamba, mkanda wa kiunoni, kofia ngumu. Baba yangu alipanda minazi yote ya ufukweni pekupeku, na alikufa kitandani kwake kwa malaria. Hakuna kamba iliyomwokoa, na hakuna mti uliomuua.

Jumatano, 12 Novemba

Akili imefanya kazi. Kwa nini nisome wakati Hyacinthe anasoma?

Nilimkaribisha mishikaki kwa jirani, ndizi za kukaanga juu, mimi Fanta, yeye chupa yake. Nikajifanya nataka tu kupiga soga. Nikamuuliza tawi zito linakatwaje. Akasema, bila hata kusita, kwamba unaanza na mkato mdogo kwa chini, ndipo uje wa juu, la sivyo tawi likianguka linachuna gome la shina. Nikamuuliza kidonda cha mti kinapakwa nini. Akasema hakipakwi kitu, mti unajifunga wenyewe. Nikamuuliza unakata kwa kubana na shina? Akasema hapana, unauacha ule uvimbe wa shingoni mwa tawi.

Nilimtazama usoni. Mtu anashindana nawe kazi ya Kibenga, kisha anakupa majibu yote huku anatabasamu na kukuongezea pilipili? Mimi si mtoto. Ananidanganya! Nimerudi nyumbani nimeandika kila alichosema kwa kukigeuza. Kukata kuanzie juu. Kidonda kipakwe saruji. Shingo iondoke.

Mimi nilipoulizwa, nilimwambia kwamba miti inakatwa vizuri zaidi wakati wa radi, kwa sababu imelegea. Akanishukuru. Mnafiki.

Ijumaa, 14 Novemba

Kamba ni adui. Jana jioni nilijaribu lile fundo la kiunoni kwenye boriti ya sebule. Lilikaza. Lilikaza kabisa, miguu yangu ikawa haifiki chini, na ndipo wageni wa Lubna walipoingia. Walinisalimia vizuri, wakakaa, wakanywa chai. Nilijibu salamu kama kawaida.

Lakini leo Mungu amenifungulia. Daphrose, mama wa makamo anayepika pale kituoni, ameniambia tutapimwa kwenye mparachichi ulio uani, unaofunika jiko lake. Kila mtu atapanda kwa kamba na kuondoa tawi moja bovu. Nilikwenda kuutazama. Matawi makavu yote yako juu kabisa. Chini kuna moja tu, limeliwa na wadudu, naweza kulifikia nikisimama juu ya ndoo.

Yaani yale ya juu yakiondoka, likabaki la chini peke yake, nani atahitaji kamba?

Na kesho ni Jumamosi. Kazi za jamii! Asubuhi maduka yanafungwa, magari yanasimama, mtaa mzima unatoka na majembe na mapanga, na mkuu wa mtaa ndiye anayesema waende wapi. Huwa anatupeleka kuzibua mitaro. Nimekwenda kwake baada ya sala, nikamwambia kwamba katika mparachichi wa kituo ameonekana nyoka. Sikusema nani amemwona. Akashtuka, maana shemeji yake anakaa ukuta wa pili. Akasema mitaro itasubiri.

Lubna ameniuliza kwa nini ninaimba.

Jumamosi, 15 Novemba

Watu hawasikii. Nitaandika jambo hili lilivyokuwa.

Asubuhi mtaa wote ulikuwa uani kwa kituo. Wafanyabiashara, makanika, mabinti wa saluni, mzee mmoja na shoka la marehemu kaka yake. Mkuu wa mtaa akasema mimi niongoze kwa kuwa ndimi fundi. Nilipanda pekupeku, nikatoa makavu ya juu, safi, watu wakapiga makofi. Mambo yalikwenda kama nilivyopanga mpaka nilipoanza kushuka.

Kumbe huku chini nao wanamtafuta nyoka. Kila mmoja na panga lake, kila mmoja na tawi lake. Nikapiga kelele, acheni! Wakadhani nimemwona. Wakaongeza kasi. Nikaonyesha kwa kidole lile tawi langu la chini, hilo liacheni, hilo! Wakalikimbilia wote kwa pamoja.

Kisha akina mama wakachukua kuni. Majani yakaenda kwa mbuzi. Maparachichi, hata mabichi, yakaingia kwenye vitenge. Muda wa kazi ulipokwisha, pale uani palikuwa na shina limesimama kama nguzo ya umeme, na jiko la Daphrose likiwa juani.

Nikiri, hata hivyo, kwamba shina lilikuwa limenyooka vizuri. Na nilisimamia mimi.

Jumapili, 16 Novemba

Daphrose amenijia hapa hapa mlangoni, ametoka kusali, na nguo zake nzuri. Hakupaza sauti, majirani ndio walionyamaza ili wasikie. "Moubarak, mi nilikuambia ni muti gani iko ya eksamen. Sikukuambia uimalize. Kesho napika wapi, kichwani mwako?"

Nikamweleza habari za nyoka. Akauliza nyoka gani. Watu wanauliza maswali ya ajabu siku hizi.

Lubna amenikunjia shati la mtihani, akaliweka juu ya kiti, akaniambia anamwomba Mungu nipite, kwa sababu anajua Asiatique nitaumia. Nikaona aibu kidogo. Ilipita.

Jumanne, 18 Novemba

Nimefaulu. Matokeo kesho, lakini mtu anajua.

Mtihani wa kuandika nilimaliza kabla ya wote. Hyacinthe alikuwa bado anakuna kichwa. Saruji, juu, shingo iondoke, nikasimama, nikatoka.

Kisha tukaitwa uani. Madame Adélaïde, anayetutahini, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, aliutazama mparachichi kwa muda. Nikadhani ataufuta mtihani. Akasema kamba tuziweke chini. Kwa kuwa mti wenyewe umeshaharibiwa, kila mmoja aje aeleze mbele yake ni makosa gani yamefanywa hapa.

Hyacinthe akatangulia. Sijawahi kusikia ufedhuli wa namna ile. Akasema kichwa cha mti kimeondolewa, gome limechunwa kwa sababu hakuna aliyeanza chini, machipukizi yatakayotoka yatakuwa dhaifu na yatavunjika. Akasema aliyesimamia kazi hii asipewe hata kisu cha vitunguu. Watu wakacheka. Daphrose, akiwa jikoni kwake juani, ndiye aliyecheka zaidi.

Damu ilinipanda. Nilikuwa nimejiandaa kutaja makosa mawili matatu, basi, nipite. Lakini je, nikae kimya mtu avunje heshima ya kazi yangu hadharani? Ilipofika zamu yangu nilisema sioni kosa. Nikasema hii ni kazi ya mtu anayejua. Nikamwonyesha jinsi shina lilivyonyooka. Madame akauliza kwa nini basi wamekata mpaka matawi mabichi. Nikasema kwa sababu ya nyoka. Akainama kidogo, akaniuliza taratibu: "Muzee, huyo nyoka mulimuona?"

Nikamwambia sikuhitaji kumwona, mimi ndiye niliyesimamia.

Akaniuliza jina langu. Akaniuliza tena, herufi kwa herufi. Kisha akaandika, akaandika, akageuza ukurasa, akaandika. Kwa Hyacinthe aliweka alama moja tu ndogo. Nilimhurumia.

Jumatano, 19 Novemba

Dhuluma.

Hyacinthe amepita. Mimi nimekosa, na si kukosa tu, Madame Adélaïde amesoma majibu yangu ya saruji kwa wengine kama mfano. Kumbe yule mnafiki aliniambia kweli! Hila ya namna gani hiyo, kumwambia mshindani wako kweli ili asiamini?

Maxime ameshampigia Hyacinthe simu. Miti ya Kibenga imekwenda. Ile miparachichi mitatu nyuma ya nyumba yake naijua tawi kwa tawi, ule wa kati una kiota cha korongo ambacho sikuwahi kukigusa. Nimeumia. Naandika wazi kwamba nimeumia.

Hyacinthe alinifuata mpaka barabarani. "Mukubwa, kuja tufanye kazi pamoja. We unajua kupanda, mi niko na sertifika. Lakini utavaa kamba." Alisema kwa heshima, glavu zake amezivua. Nikamjibu kwamba afadhali magunia.

Jumatatu, 24 Novemba

Magunia. Anouar alinipigia makofi mbele ya wateja wote, na nilikwenda. Mgongo hauna hata mahali pa kuwekwa mkono.

Lakini jioni nimepita kituoni. Tangazo ukutani: waliokosa watarudia mwezi ujao, na kwa kuwa mparachichi umekwisha, wataitumia jakaranda iliyo langoni. Nimeizunguka. Matawi makavu yako juu. La chini liko moja tu, naweza kulifikia nikisimama juu ya ndoo.

Mtu anajifunza kutokana na makosa, na kosa langu nimeliona: nyoka. Nyoka anawafanya watu washike mapanga. Kwa hiyo nimekwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mtaa, nikamwambia kwamba kwenye jakaranda ya langoni kuna nyuki.

Akanishukuru sana. Akasema basi Jumamosi kila mtu aje na moto.